Chungu cha usiku Ruaha Mbuyuni: nimekula pale na baba yangu, dereva wa zamani wa njia ya Zambia

Naandika hii riviu ya mgahawa kwa sababu mbili, ya kwanza chakula ni kizuri kweli na watu wajue, ya pili nilikula pale na mzee wangu ambaye ameendesha lori njia hii ya Dar Tunduma toka enzi za vumbi mpaka alipostaafu 1998, na vitu alivyoniambia kwenye ile meza, nyumbani sijawahi kuvisikia miaka yote. Kwa hiyo itakuwa ndefu, anayetaka bei na habari za choo ashuke chini nimeweka huko.

Tulikuwa tunaenda msibani Tukuyu. Tumetoka Dar saa kumi jioni na gari ndogo, mdogo wangu wa kiume anaendesha, mimi nyuma, baba mbele, maana baba nyuma hakai kabisa, toka nimepata akili sijawahi kumuona baba yangu amekaa siti ya nyuma. Foleni ya Kibaha ikatula, Chalinze tumepita giza limeshaingia, Mikumi tukatembea taratibu kwa sababu ya wanyama, tumemaliza mbuga tu tukaanza zile kona za Iyovi tairi la nyuma likaisha upepo. Mdogo wangu akashuka na jeki, baba akamwambia subiri. Mzee wa miaka themanini akaenda pembeni akakata matawi, akayapanga barabarani kuanzia mbali huko nyuma yakija kidogo kidogo mpaka kwenye gari, na mengine mbele, ndo akasema haya sasa fungua nati. Tulikuwa na ile pembetatu ya kung'aa kwenye buti, mdogo wangu akamuonyesha, akajibu "iweke, na majani yaache, dereva wa lori anayeteremka na mzigo anataka akuone mapema, akikuona karibu hana cha kukusaidia".

Kwa hiyo Mbuyuni tumeingia saa nane kasoro usiku, njaa imetushika vibaya. Wanaoijua Mbuyuni wanajua pale usiku hapalali, kuna taa, kuna vitunguu kwenye magunia, kuna chipsi na mishkaki. Ila zile chipsi zilikuwa zimeshapoa na mishkaki imekauka mpaka imejikunja. Baba akasema endeleeni mbele kidogo, pale yanapopaki malori chini ya mibuyu, angalieni kama kuna moshi.

Moshi ulikuwepo.

Hauna bango huu mgahawa, na sitaandika jina la mwenye nao kwa sababu sikumuomba ruhusa. Ni banda la mabati lenye mabenchi na meza ndefu mbili, taa moja ya umeme, na nje pembeni kuna mafiga matatu na chungu kikubwa cheusi juu yake, mkaa umefunikwa majivu ili ushike moto taratibu mpaka asubuhi. Ukiwa unatokea Dar uko upande wa kushoto, umepita vitunguu, kabla hujaanza kuitafuta Kitonga, ule mlima wa kona. Ukiona malori zaidi ya kumi yamelala pamoja na harufu ya mchuzi hujapotea.

Baba alishuka akasimama mlangoni akasema "Kamwene". Mama mmoja wa makamo aliyekuwa amejifunga khanga kichwani akaitika "Kamwene", kisha akageuka taratibu kama mtu aliyeitwa na mtu anayemjua. Akasema "Shikamoo baba, hiyo sauti ya Fiat", yaani lori la baba enzi hizo. Jamani. Baba yangu ana miaka zaidi ya ishirini na tano hajakanyaga pale, maana akisafiri siku hizi anapanda basi na mabasi hayasimami hapo, yana vituo vyao vya dakika kumi za kuchimba dawa na kununua soda. Na yule mama kamjua kwa sauti. Baba akaitikia marahaba mama, akauliza mama yako yupo, akaambiwa bibi, ndo huyo mama yake, alishatangulia 2009. Baba akakaa kwenye benchi. Alikaa kimya muda mrefu, sisi watoto wake tukabaki tumesimama hatujui tuseme nini, yule mama akaenda zake kusonga ugali.

Sasa chakula. Chungu kile usiku ule kilikuwa na mbuzi wa mifupa, kapikwa na vitunguu vya palepale Mbuyuni vingi mpaka vimeyeyuka vikawa ndo mchuzi wenyewe, nyanya kidogo, hakuna hivi viungo vya pakiti vinavyofanya kila mchuzi nchi hii uwe na ladha moja. Nyama inatoka kwenye mfupa ukiigusa tu. Ugali ni wa dona, na hapa ndo wanaponishinda wote wa barabara hii: hawaweki ugali kwenye hotpoti. Ukikaa ndo unasongwa. Unasubiri dakika kama kumi na tano unaletewa ugali unafuka moshi, mlenda pembeni, kachumbari, pilipili ya kuponda na limao, na maji ya moto ya kunawa unamiminiwa na mtu, siyo unaoneshwa bomba. Mdogo wangu ambaye ugali huwa anaula kwa kulazimishwa aliongeza mara mbili. Mchana wanapika pia wali na maharage, kuku wa kienyeji, na perege wa Mtera siku wanapoletwa, tulirudi kupitia hapohapo baada ya siku nne nikala perege wa kukaanga, mzuri, ila chumvi ilizidi kidogo na nilimwambia mama mwenyewe akapokea vizuri. Juisi ya ubuyu ni ya kwao wanaitengeneza wenyewe kutoka kwenye mibuyu hiyohiyo unayoiona, haina rangi ile nyekundu ya dukani, ni nyeupe na chachu, kunywa.

Kwa nini chungu kinakaa motoni usiku kucha, hilo ndo swali nililomuuliza mama, na aliyenijibu ni baba.

Kasema mwaka 1965 mwezi wa kumi na moja Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zambia ikabanwa. Mafuta yao yalikuwa yanapita kusini, ghafla yamekatika, na nchi ile haina bahari. Ikabidi mafuta yapite Dar es Salaam, kwa ndege na kwa barabara, na barabara yenyewe ni hii, wakati huo ni udongo, wazungu waliibatiza njia ya jehanamu. 1966 serikali mbili pamoja na Waitaliano wakaanzisha kampuni ya malori ya Zambia Tanzania Road Services, yakaja maFiat mengi yenye matela, na vijana wa nchi hii wakaingia barabarani kwa mamia. Baba yangu aliingia 1967 akiwa utingo, yaani msaidizi wa dereva, kwenye gari la mtu mwingine kwanza, ana miaka ishirini na tatu, kaacha shamba la baba yake la kahawa.

Mzigo ulikuwa mapipa ya petroli na dizeli, yale ya lita mia mbili, yamepangwa yamefungwa kwa kamba na minyororo. Na mzigo huo ndo uliofanya bibi wa pale apate kazi. Maana malori ya mizigo mingine utingo anabeba sufuria na unga, jioni wanasimama, anawasha moto kando ya tela anapika. Kwenye petroli huwezi. Mapipa yalikuwa yanavuja, barabara ya mashimo inayagonganisha siku nzima, harufu inakaa mpaka kwenye nguo, kiberiti kilikuwa hakiruhusiwi kabisa karibu na gari. Kwa hiyo watu wanaendesha siku nzima kwenye vumbi na usiku hawana moto. Wanawake wa vijiji vya njiani wakaona, wakaanza kupika mbali kidogo na yanaposimama magari, na vile malori hayana saa, moja limekwama Mikumi, lingine limepasua tairi Iyovi, mama mwenye akili hawezi kupika saa mbili akafunga. Bibi akaweka chungu juu ya mafiga akafunika mkaa kwa majivu. Ukifika saa tisa usiku umechafuka mpaka kope, unapiga hodi, kuna cha kula.

Baba anasema masika ndo ilikuwa mtihani. Malori yanajipanga chini ya Kitonga yanasubiri udongo ukauke, siku mbili, siku tatu, wakati mwingine wiki. Kupanda Kitonga na tela kwenye udongo ulikuwa ni gia ya kwanza, mwendo wa mtu anatembea, na utingo hakai ndani. Utingo anatembea nyuma ya gari kwa miguu amebeba gogo. Dereva akikosa gia, au injini ikachoka, gari linataka kurudi nyuma, utingo anatakiwa awe ameshalitupa gogo nyuma ya tairi kabla halijapata kasi. Hana nafasi ya pili. Nikamuuliza baba uliwahi kuchelewa, akasema "mimi hapana", akanawa mikono, akaendelea kula. Ile "mimi" niliisikia vizuri, na sikuuliza zaidi.

Nilikuwa sijui kwamba utingo alikuwa halali kwenye kabini. Fiat lina kitanda nyuma ya siti lakini ni cha dereva, utingo analala juu ya mzigo chini ya turubai, kazi yake kulinda. Alilala juu ya mapipa ya petroli toka 1967 mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika 1968 na mafuta yakaanza kwenda Ndola yenyewe bila lori. Na kurudi walikuwa wanarudi na shaba. Shaba anasema ni mzigo wa ajabu, ukiiangalia ni kidogo, iko chini sakafuni, unaona kama gari halina kitu, kumbe springi zimelala na kwenye mteremko inakusukuma kama mtu amekuwekea mkono mgongoni. Kitonga ya kupanda inachosha, Kitonga ya kushuka na shaba ndo inaua. Breki zikipata moto zinaisha, unabaki na gia uliyoingia nayo, ukiingia na gia nyepesi, ile ya kasi, hutaweza kurudi kwenye gia nzito njiani. Hii kanuni alikuwa anaisema nyumbani tukiwa wadogo, "shuka na gia uliyopandia", tulikuwa tunafikiri ni methali ya Kinyakyusa.

Nimerudi kwenye mgahawa. Kitu kimoja ambacho nataka kila mtu akione akienda: angalieni utingo anakaa wapi. Kati ya malori yaliyokuwepo, machache yalikuwa na utingo, siku hizi mengi yanatembea na dereva peke yake, lakini wale waliokuwepo walikuwa wamekaa meza moja na madereva wao, sahani sawa, nyama sawa. Nikamwambia baba, akasema hiyo ni sheria ya bibi. Zamani dereva akiagiza anakula yeye kwanza, kinachobaki ndo cha utingo, na madereva wengine walikuwa hawabakishi. Bibi alikataa. Akawaambia huyu ndo anayeshika gogo, akiwa na njaa mikono inatetemeka mnakufa wote wawili, kwangu anayekula mmoja hapati. Dereva aliyebisha alikuwa anaondoka na njaa yake. Baba ananiambia hivi macho yamejaa maji, anasema kabla hajafika kwa bibi alikuwa hajala nyama ya moto tangu atoke Dar, na alikula pale akiwa amekaa kwenye benchi, si chini. Binti wa bibi, yaani huyu mama wa sasa, hadi leo ukiagiza dereva peke yako na una mtu garini anakuuliza "na mwenzio?"

Mi nimekaa migahawa mingi ya hii nchi, na mingine ina viyoyozi, sijawahi kuulizwa mwenzangu yuko wapi.

Halafu kuna daftari. Bibi alikuwa anakopesha, unakula ukienda unalipa ukirudi, kwa sababu dereva posho yake inaisha njiani, gari likiharibika Chimala ukae siku kumi unasubiri spea itoke Dar, utakula nini. Hakuna simu, unaandika barua unampa dereva anayerudi, naye anaipeleka ofisini, ofisi inatafuta spea, wanampa dereva mwingine anayekuja, siku zinakatika. Huyu mama ametunza daftari moja la miaka ya themanini, limeliwa na mchwa pembeni, akalitoa akampa baba. Halina majina ya watu, lina majina ya utani na aina za gari. Leyland ya cementi. Scania mpya. Isuzu ya mzee mfupi. Aliyelipa amepigwa mstari, ambaye hajalipa hana mstari. Baba alikuwa anapitisha kidole pole pole na kuna mahali kidole kikasimama, hapakuwa na mstari, akasema huyu hakudhulumu. Huyu alikuwa rafiki yake, nakumbuka nilikuwa mtoto wa darasa la pili alikuwa anatuletea pipi za Zambia. Alipata ajali mteremko wa huko mbele na tulisikia kwenye redio, RTD yaani Radio Tanzania, matangazo ya vifo, mama yangu alizima redio kabla hawajamaliza kutaja ndugu. Baba akatoa pochi akataka kulipa lile deni. Mama akakataa, akasema mama yake alishaliacha, na hakulipiga mstari kwa makusudi ili jina lisifutwe.

Miaka ya themanini sisi tulikuwa watoto kwa hiyo nina kumbukumbu zangu mwenyewe. Vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa 1978 magari mengi yalichukuliwa kupeleka jeshi na chakula, na vita ilipoisha nchi imechoka, dizeli haipo, tairi hakuna, betri hakuna. Kiwanda cha tairi kiko Arusha lakini kupata tairi mbili ni kama kupata kiwanja. Baba alikuwa anatembea na tairi vipara na mfuko wa viraka, pancha wanaziba wenyewe na kujaza upepo kwa bomba lililounganishwa kwenye injini. Gari likilala Makambako au Mbeya mwezi wa sita asubuhi haliwaki kwa baridi, wanawasha moto wa kuni kidogo chini ya injini. Nikawaza, mtu huyohuyo aliyekatazwa kiberiti ujana wake.

Na hicho ndo kipindi madereva walikuwa matajiri machoni pa mtaa. Sukari, sabuni, mafuta ya kula vilikuwa vya foleni, baba akirudi na miche miwili ya sabuni kutoka mpakani majirani wanajua. 1983 waziri mkuu Sokoine alipoanza msako wa wahujumu uchumi ikawa kila lori linasimamishwa, wanapekua mpaka chini ya siti, na baba anasema alikaa kituo kimoja usiku mzima kwa ajili ya kilo nne za sukari za nyumbani. Hakulalamika aliponisimulia, kasema tu kwamba asubuhi walimwachia na sukari ilibaki kituoni.

Kuna jambo lingine baba alilisema kwa sauti ya chini wakati mdogo wangu ameenda kuangalia gari. Mwisho wa miaka ya themanini na yote ya tisini, wenzake walikuwa wanapungua siyo kwa ajali. Ukimwi ulipita barabara hii na watu wakaweka lawama yote kwa madereva, mtaani tuliitwa watoto wa dereva kwa namna fulani ambayo wa rika langu wanaielewa. Yeye anasema mtu anakaa njiani siku ishirini na tano kwa mwezi, analala mpakani Tunduma wiki nzima anasubiri karatasi, hana pa kulala, hana mke karibu, kampuni haijamjengea hata chumba, alafu watu wanashangaa. Bibi wa Mbuyuni alikuwa anawasema kama watoto wake. Na walipoanza kuumwa alikuwa anawapikia uji, wanashushwa kwenye malori ya wenzao wakipelekwa makwao, wanapumzika pale kwenye benchi, hakutenga kikombe cha mtu. Miaka ile, kutokutenga kikombe, wanaokumbuka wanajua uzito wake.

Kwetu baba alikuwa ni mtu wa siku nne kwa mwezi. Tunasikia honi mbili fupi barabara kubwa, mama anaweka maji jikoni. Tulikuwa tunajua alikopita kwa alichobeba, vitunguu maana yake kapita Mbuyuni, viazi ni Makambako, mchele ni wa Mbeya, ndizi kafika kwao Tukuyu kusalimia. Nilikuwa nafikiri vile vitunguu vya kusukwa ananunua tu barabarani. Kumbe alikuwa anapewa na bibi, kila safari, "wapelekee watoto". Nimekula vitunguu vya huyo bibi utoto wangu wote na sikumjua, nimeenda kukaa kwenye benchi lake hayupo. Hilo limenikaa moyoni na bado linaniuma.

Nisilalamike sana lakini hili niliseme, kampuni ya mwisho aliyoifanyia kazi (siitaji) ilikuwa inamkata makato ya NPF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, na alipoenda kufuatilia baada ya kustaafu, wakati huo imeshakuwa NSSF, akakuta miaka kadhaa haina kitu, hawakupeleka. Kafuatilia mpaka amechoka. Mtu amebeba shaba na mbolea na cementi ya nchi mbili miaka thelathini, uzeeni anamsubiri mtoto amtumie elfu hamsini. Nimeona madereva vijana pale Mbuyuni wanafikiri mambo yamebadilika kwa sababu gari lina kitanda kizuri na simu ina bando, nikamwambia mmoja tuliyekaa naye kaka angu nenda kaulize salio lako la NSSF wiki hii, usisubiri. Alikuwa hajawahi kuuliza. Anasema gari lake likisimama dakika ishirini tu ofisi inampigia, wanamuona kwenye kompyuta Dar. Baba akamuuliza na ukisinzia? Akasema ndo hivyo mzee, naomba mungu. Baba hakufurahi na lile jibu, alimwambia kula, lala masaa mawili, simu yako niachie mimi nitapokea. Na kweli alikaa na ile simu na kijana akalala kwenye benchi mpaka saa kumi na nusu. Ofisi ilipiga mara moja, baba akawaambia dereva wenu anapumzika, mimi ni mzee wa njia, na wakakubali.

Haya sasa vitu vya kawaida vya riviu.

Bei: ugali na mbuzi wa chunguni 5,000, ugali maharage na mboga 2,500, perege 6,000 akiwa mkubwa, kuku robo 6,000, chai ya tangawizi 500, ubuyu 1,000. Sahani inajaa. Kwa barabara ile ambapo kwenye vituo vya mabasi unalipa 10,000 kwa wali uliopoa hii ni bei nzuri sana. Malipo taslimu au kwa simu, ila mtandao wa pale unakata, beba hela mkononi.

Choo ni cha shimo, kimesafishwa, kina ndoo ya maji, ila hakina taa, nenda na tochi ya simu. Bafu wanalo, maji ya moto ndoo 1,000 na madereva wanaoga, wanawake kuna sehemu yetu imezungushiwa mabati, ni safi ila usiku ule mlango ulikuwa unafungwa kwa kamba tu na hili nilimwambia mama aweke komeo, akasema ataweka. Kulala ndani ya banda kwenye benchi ni bure ukishakula. Vyumba hawana.

Pakingi ni kubwa lakini ni ya malori, ukiwa na gari ndogo usijiingize katikati, wanavyotoka alfajiri hawakuoni. Mvua ikinyesha udongo unanata, paki karibu na lami. Kuna kijana analinda, mpe chochote.

Huduma haina haraka. Ukiwa na basi linalokusubiri usijaribu. Ugali dakika kumi na tano, kuku akiwa bado hajachinjwa ni saa nzima na wanakuambia ukweli mapema. Mchana wa jua kali ndani ya yale mabati ni moto mno, Mbuyuni yenyewe joto lake si la mchezo, kaa nje chini ya mbuyu. Kelele za malori zipo usiku kucha, mtoto mdogo hatalala vizuri. Bia hawauzi na hawajawahi kuuza, hata kama ungekuwa na mamilioni, bibi alikataza na mama amekataza.

Natoa nyota tano. Ile moja ningeikata kwa ajili ya komeo la bafu lakini tuliporudi baada ya siku nne nikakuta limeshawekwa.

Siku hiyo ya kurudi ilikuwa mchana, tumekula, tunaondoka, mama akamuita baba pembeni akampa vitunguu vimesukwa, pingili mbili ndefu. Akamwambia wapelekee watoto. Baba akasema hawa ndo watoto wenyewe, wakubwa hawa. Mama akatuangalia mimi na mdogo wangu pale kwenye gari, akasema basi wapelekee watoto wao. Saa hii vimening'inia hapa jikoni kwangu, nimetumia viwili tu.